Redio ya Kusemesha Udongo

Kapseret, Aprili 3, 1984, Jumanne

Kwako Baba Walubengo, huko Lodwar ama popote lori la Mzee Mahamud limekufikisha na chakula cha msaada.

Nakusalimu kwanza mimi mwenyewe, Kageha, halafu wengine nawapanga vile tunakaa jikoni. Kukhu mama yako anakusalimu. Magoti yanamsumbua lakini mdomo uko mzima. Walubengo anakusalimu, ingawa nilipomwambia atume salamu aliitikia tu “mm” bila kuinua kichwa kutoka kwa waya zake. Nanzala anakusalimu, yuko darasa la saba sasa na ameanza kunisahihisha, kwa hivyo ukiona mahali pamekatwa na kalamu nyekundu ujue si mimi. Chelimo jirani anakusalimu na anauliza kama Waturkana wamepata kula. Mzee Omar wa duka la redio mjini, tajiri wa Walubengo, anakusalimu, na mama Safia wake, alinipa majani ya chai bure nikaona aibu. Ng'ombe wetu Desi na Brauni wanakusalimu, lakini ukiwaona utauliza hizi mbavu ni za nani. Sisi sote tuko, hofu ni kwako wewe na hiyo barabara.

Uliniambia barua za Lodwar zinapotea njiani, niandike kidogo kidogo kwa hiki kitabu cha gumbaru halafu Ibrahim dereva akipita nimpe akuletee. Basi nimeanza. Mwalimu wetu wa watu wazima alisema tarehe iandikwe kwanza, hata kama siku haina neno.

Mvua hakuna. Mahindi tuliyopanda kwa vumbi bado yako vile tuliyaangusha.

Aprili 5

Mvua hakuna. Tumekula ugali ya ile mahindi ya manjano. Kukhu amesema amelishwa chakula ya kuku.

Aprili 9, Jumatatu

Wale wachimbaji wa kisima wamegonga mwamba hapa kwetu pia, kama kwa Chelimo, kama kwa watu wa kule chini. Wamefunga kamba zao wakaenda. Shimo limebaki limefungua mdomo uani na nimeweka miiba ili Nanzala asiingie.

Jioni Kukhu akakumbuka maneno ya zamani. Alisema wakati wa yule mzungu aliyekuwa na hili shamba kabla ya sisi kuligawana, alipokuwa akimkamulia ng'ombe, hata mwaka jua liliua nyasi yote dipu ya kuogeshea ng'ombe ilikuwa inajaa. Maji yalikuja na bomba chini ya ardhi kutoka kwa chemchemi mahali huko juu. Walubengo akaacha waya. Alimuuliza bomba lilipita wapi. Kukhu akamwambia, “Mimi nilikuwa nashika matiti ya ng'ombe, mjukuu wangu. Bomba sikulishika.”

Nilifikiri yameishia hapo. Kumbe kijana wako hakulala na hayo maneno, ameamka nayo.

Aprili 11

Leo nimemuuliza hasa ni nini anataka kutengeneza, na nimeuliza mpaka nikaelewa, kwa hivyo wewe pia uelewe. Redio ya stesheni inatupa sauti hewani, pande zote. Yeye anataka kutengeneza ndogo, ya kubebwa na mtu mmoja, ambayo inatupa chini peke yake. Ikikuta udongo mtupu, inazama inapotea. Ikikuta chuma, chuma kinairudisha, na yeye anasikia kwa vile vya masikioni. Nikamuuliza kama udongo unaweza kujibu mtu. Akasema, “Mama, wewe ukitaka kujua maji yamebaki wapi kwa mtungi, si unagonga na kidole unasikiliza? Basi mimi nagonga shamba.”

Nimetembea mchana mzima nikigonga vitu. Mtungi, ukuta, gunia la mahindi, hata mgongo wa Desi. Ni kweli kila kitu kina sauti yake.

Aprili 14, Jumamosi

Amerudi kutoka kazini na mfuko wa waya na vipande kutoka kwa redio zilizokufa. Mzee Omar amempa, lakini amemwambia vitu hivyo visitengenezewe dukani kwake, na akiulizwa hajui. Hilo neno sikulipenda. Kama ni kitu kizuri kwa nini Omar hataki kukijua?

Waya ameuzungusha kwenye ukingo wa uteo wa Kukhu, ule mkubwa wa kupepetea, kwa sababu ni mviringo na hauna chuma. Kukhu amelia uteo wake kama amefiwa. Huo uteo ndio mdomo, ndio unasema. Sikio ni kijiduara kidogo cha waya, na hivyo viwili vimefungwa huku na huku kwa mti mrefu kama wa kuchukulia mizigo. Ukiviona utacheka. Ameniambia sikio lazima likae kwa upande, lisiangalie mdomo, la sivyo litasikia mdomo tu na halitasikia udongo. Nikasema kuna watu wa namna hiyo hata kanisani.

Aprili 17, Jumanne

Baba Walubengo, leo niandike pole pole nisiruke kitu.

Nilikuwa kwa Chelimo kukopa chumvi. Saa saba akafungua redio, taarifa ya habari, na unajua inaanzaje, kwanza Mtukufu Rais amefanya nini. Msomaji alipotaja tu Mtukufu Rais, redio ikapiga mluzi. Fyuuuu, mrefu, kama mtu anayeita mbwa. Ukanyamaza. Akamtaja tena, mluzi tena. Chelimo akaigonga redio ubavuni. Kutoka kwa boma la chini nikasikia mtu mwingine naye anauliza redio yake imeingiwa na nini.

Nikajua. Nilikimbia na chumvi mkononi, imemwagika njiani yote. Nimemkuta Walubengo katikati ya shamba na mti wake begani, anawasha anazima, uso umefurahi kama siku alipotahiriwa. Ananiambia Mama, inasema, inasema kweli. Nikamwambia inasema hata kwa Chelimo, na inasema juu ya Rais.

Aliketi chini hapo hapo kwa madongo.

Wewe unakumbuka ile Agosti ya mwaka juzi, wanajeshi walipotaka kupindua serikali. Unakumbuka vile nyumba zilifunguliwa na magodoro yakatolewa nje. Na yule fundi wa redio wa kule Soy aliyekuwa na waya mrefu juu ya mabati, alipelekwa kuulizwa maswali, akarudi hataki hata kushika tochi. Mimi sikusoma sana lakini najua mtambo wa kutupa sauti hewani bila kibali ya serikali si mchezo wa mtoto.

Aprili 18

Nilitaka kuuchoma huo uteo. Nilikuwa nimeushika. Walubengo hakuninyang'anya, alisema tu kwamba yeye hataki itupe hewani, hata kidogo. Kila kinachokwenda hewani ni hasara, kinapotea bure na kinamletea shida. Anataka iseme upande mmoja peke yake, chini. Siku itakaposema chini tu, hakuna redio itakayopiga mluzi, na bomba nalo litasikika vizuri. Ni dawa moja ya magonjwa mawili.

Nikamuuliza atajuaje kama hewani hakuna kitu. Akaniangalia. Nikajua ni mimi.

Basi, mume wangu, mimi ndiye mpimaji. Saa saba yeye anawasha kidogo tu, mimi niko kwa Chelimo na kikombe nimekuja kukopa kitu.

Aprili 19

Mluzi. Nimerudi na chumvi.

Aprili 20

Ijumaa Kuu. Kukhu amekataza.

Aprili 24

Mluzi, lakini mdogo. Ameulaza uteo karibu na ardhi. Nimerudi na sukari.

Aprili 26

Mluzi mkubwa kuliko wa kwanza. Ameongeza waya kumbe haikufaa. Nimerudi na kiberiti, na nilikuwa na kiberiti mfukoni.

Aprili 30, Jumatatu

Mvua hakuna. Mawingu yalikuja hadi juu ya msitu yakatuangalia, yakaenda Kapsabet.

Leo Chelimo ameniweka nje. Kwa upole, amenitolea kigoda kizuri chini ya paa akasema hewa ni nzuri hapa. Halafu saa saba redio ikapiga mluzi, akatoa kichwa mlangoni, akasema, “Mama Walubengo, usikasirike. Nimechunguza. Hii redio inalia siku ukija tu. Pengine ni damu yako.” Ameshawaambia wengine. Kwa hivyo hapa Kapseret sasa mimi ndiye mwanamke ambaye damu yake inaharibu habari za serikali. Nimecheka njia yote halafu nikafika nyumbani nikaogopa.

Mei 3, Alhamisi

Kaa chini kabla ya kusoma hii.

Walubengo hakwenda kazini. Aliwasha mtambo akauacha uani ukiwaka, anataka kuona betri inakaa muda gani, akaenda barabarani kumngojea mtu wa betri nyingine. Mimi niko jikoni. Nikasikia Kukhu anasalimia mtu kwa sauti kubwa kuliko kawaida, ile sauti yake ya kuonya. Nikachungulia. Ni Kiprotich, sub-chifu, na kofia yake ya kaki, amekuja kukagua kadi za chama, na ile redio yake ndogo ya ngozi imening'inia begani, anatembea nayo hata kwa matanga. Na jua liko kwa utosi, ni saa saba hiyo.

Kuzima sijui. Vifundo ni vingi na Walubengo hajanionyesha. Niliushika huo mdomo, nikaung'oa kwa mti lakini waya ya betri imebaki imeshika, nikaingia nao jikoni pamoja na betri, nikaufunika kifudifudi kwa udongo pale kona ya makaa. Nikamwagia makaa juu yake, nikageuza lile karai letu kubwa nikafunika yote, nikakaa juu ya karai. Vyote hivyo kabla hajamaliza salamu za Kukhu, na wewe unajua salamu za mama yako, Mungu ambariki.

Akaja akasimama mlangoni. Nikampa kadi yangu na yako. Anazisoma pole pole. Halafu akakumbuka taarifa ya habari, akainua redio, akaifungua.

Nilijua saa yangu imefika. Niliangalia mikono yangu nikafikiri, hii mikono ikifungwa nani atakamua Desi. Msomaji akaanza. Mtukufu Rais leo. Nikafunga macho. Mtukufu Rais akasema. Nikangoja. Mtukufu Rais akawahimiza wananchi, na redio ikaendelea sawasawa, kila neno limekaa mahali pake, mpaka bei ya mahindi.

Kiprotich ananitazama. Akauliza kwa nini natoka jasho hivi.

Nikasema ni moto, Chifu.

Akaangalia jiko. Halikuwa limewashwa.

Akasema nipunguze kazi, wanawake wa siku hizi wanajichosha, akanirudishia kadi akaenda. Sikuinuka juu ya hilo karai mpaka Kukhu alipokuja kuniinua.

Walubengo aliporudi nilimwambia kila kitu huku nalia. Yeye kilichomshika ni neno moja tu. “Ilikuwa inawaka?” Nikasema ilikuwa inawaka, kile kitaa chekundu cha betri niliona. “Na redio yake haikulia? Hapo mlangoni?” Nikasema haikulia. Akasimama kama mtu amesahau jina lake. Halafu akaniambia, “Mama, rudia vile ulifanya. Usibadilishe kitu.” Nikarudia. Udongo, uteo kifudifudi, makaa, karai. Akasema bado, kaa juu yake. Nikakaa. Nikamwambia mimi ni mama yako si kifuniko.

Mei 5, Jumamosi

Amejaribu bila makaa, karai peke yake. Anasema sauti inagonga huku na huku ndani ya karai kama njugu kwa debe, hata sikio linachanganyikiwa. Amejaribu makaa bila karai, inatoroka juu. Ni lazima viwili. Karai linazuia kwenda juu, makaa yanameza ile inayogongana ndani, na inayobaki haina njia isipokuwa chini. Anasema karibu aanze kukata bati na kupima na kupima, na hakuwa amefikiria makaa hata siku moja. Mimi pia sikufikiria. Niliogopa tu.

Karai limetobolewa. Tunaoga kwa debe.

Mei 8, Jumanne

Nimekaa kwa Chelimo kwenye kigoda cha nje. Hakuna mluzi. Akatoa kichwa. Akanikaribisha ndani. Hakuna mluzi. Akanipa maziwa kidogo, na ng'ombe wake wametoa kikombe tu, akasema damu yangu imepoa. Niliona aibu kunywa nikanywa.

Mei 10

Hakuna mluzi. Mvua pia hakuna.

Mei 12, Jumamosi

Leo tumegonga shamba. Walubengo amefunga makaa yaliyopondwa ndani ya karai kwa udongo wa mfinyanzi, uteo chini yake, na mti mabegani. Anatembea pole pole, mimi nyuma na vigingi.

Jambo la kwanza ilisikia ni waya ya seng'enge, tukahama. La pili akasimama karibu na mgomba, akasema kuna kitu. Nikachimba kwa mkono. Baba Walubengo, ni lile jembe. Lile jembe jipya ulilonigombeza mwaka ule Nanzala anazaliwa, ukasema nimeligawa kwa ndugu zangu. Lilikuwa hapo chini limelala. Nimeliosha nimelisimamisha mlangoni, utalikuta.

Halafu akanivika mimi vile vya masikioni. Mwanzo ni kimya, lakini si kimya cha kawaida, ni kama kuweka sikio kwa tumbo la mtu aliyelala. Tunatembea. Kimya, kimya. Halafu ikaanza kuvuma mbali, mmmm, kama nyuki ndani ya ukuta. Nikisonga kushoto inapungua, nikirudi inaongezeka. Nilisahau magoti, nilisahau chakula kwa moto. Chini ya miguu yangu miaka hii yote nikilima kulikuwa na chuma kinangoja kuulizwa. Nilijiuliza ni nini kingine tunakanyaga bila kujua.

Tumepiga vigingi. Ni mstari umenyooka, kutoka dipu ya zamani kuja kwetu, kupita nyuma ya choo, kupanda. Tumechimba mahali pamoja tukalikuta bomba, limeshika kutu lakini zima. Walubengo akaligonga. Ni tupu. Maji yamezibwa huko juu.

Mei 14, Jumatatu

Mstari unapanda hadi ua. Ng'ambo ya ua ni kwa Kiprotich.

Mei 15

Kukhu amesema basi, tumshukuru Mungu kwa jembe.

Mei 18, Ijumaa

Brauni amelala chini asubuhi. Tulimwinua na kamba, Chelimo alikuja na watu wake. Alikufa kabla ya saa sita. Desi alisimama kando akatazama. Samahani kukuandikia hivi na wewe uko mbali, lakini ungeuliza.

Mei 20, Jumapili

Hatuongei maneno mengi hapa. Walubengo anasema afadhali auvunje mtambo aurudishe waya kwa Omar, kwa sababu kumwambia sub-chifu ni kujipeleka. Kukhu anasema Kiprotich ni serikali, na serikali haina shemeji. Mimi namwangalia Desi. Halafu namwangalia mwanangu. Nikimwangalia Desi nataka kwenda, nikimwangalia Walubengo nataka kukaa.

Lakini nimefikiria jambo. Huyo mtu alisimama mlangoni kwangu akaona jiko halina moto, na mimi nimesema uongo mbele yake, akaniambia nipumzike. Angetaka kuniinua juu ya karai angeniinua. Siku zote nilimwona kofia tu. Sasa sijui.

Mei 21, Jumatatu

Nimekwenda. Walubengo alipoona sirudi nyuma alibeba mtambo akanifuata, hakutaka niende peke yangu.

Nilimwambia Kiprotich ukweli wote, hata wa karai. Alisikiliza amesimama. Kwanza akauliza kitu hii inapeleka habari wapi. Nikasema chini, Chifu. Akauliza, na juu? Nikasema washa redio yako tungoje saa saba.

Tukangoja. Hakuna aliyeleta kiti. Taarifa ilipoanza Walubengo akawasha mtambo, nikachukua ile redio yake nikaiweka juu ya karai kabisa, vimegusana. Ikasoma habari safi. Kiprotich akainama akasikiliza. Halafu akasema, “Na karai likitoka?”

Walubengo akanitingishia kichwa. Lakini mtu ameuliza, na tulikuja na ukweli, ningempa nusu? Nikamwambia Walubengo alegeze, nikaliinua karai mimi mwenyewe, kidogo tu.

Fyuuuu. Juu ya Mtukufu Rais.

Kiprotich ndiye aliyelikamata karai. Alilirudisha kwa mikono miwili, kofia imeanguka. “Funika, Mama. Funika.” Akatazama barabarani, huku na huku. Sijawahi kuona sub-chifu akiogopa. Anaogopa kama sisi, ni vile tu yeye ana kofia ya kuogopea.

Halafu Walubengo akamvika vya masikioni na kumpitisha juu ya mstari, hapo kwake uani. Nilijua alipousikia kwa sababu mdomo ulifunguka. Akauliza ni nini inaimba. Walubengo akasema ni bomba. Akataka kubeba mwenyewe. Akabeba. Mkewe alimwita chakula, hakusikia. Tulimfuata yeye mbele na mti begani mpaka kwenye ile miti ya miiba kwa mteremko, hapo sauti ikawa kubwa ikamfanya atoe kifaa masikioni. Alisema baba yake alikuwa akimwambia kuna nyumba ya maji imefunikwa mahali hapo, na yeye alidhani mzee amechanganyikiwa.

Mei 24, Alhamisi

Watu wote ambao mstari unapita kwao walikuja na majembe, hata Chelimo. Jembe letu lililofufuka pia. Chini ya miiba kulikuwa na sanduku la mawe na simiti lenye kifuniko cha chuma, mizizi imeingia ndani kama nywele. Walikata mizizi toka asubuhi. Halafu Walubengo, ambaye yuko chini, akasema nyamazeni. Tukasikia inatiririka.

Si mto. Ni kama mkojo wa ndama. Lakini haikatiki. Desi amekunywa jioni mpaka ubavu ukatoka nje.

Chelimo alinishika mkono akaniuliza kwa hivyo haikuwa damu yangu. Nikamwambia ilikuwa karai. Akasema, “Na chumvi yangu yote ile?”

Mei 28

Watu wanateka kwa zamu. Mvua hakuna lakini hatuangalii juu sana.

Juni 1, Ijumaa, Madaraka

Baada ya baraza Kiprotich alikuja kwetu bila redio. Nikajua ana neno.

Alisema vizuri. Alisema maji yamesikika mpaka kwa D.O., mkubwa wa tarafa, watu wanauliza yalipatikanaje, na yeye amesikia mluzi kwa masikio yake, hawezi kusema hajasikia. Akinyamaza na mtu mwingine aseme, ni yeye atafungwa pamoja na kijana. Kwa hivyo ameandika kwamba ni chombo cha kutafuta mabomba, na lazima akiweke ofisini mpaka D.O. akione. D.O. amesema Jumatatu ya tarehe kumi na nane, na Walubengo afike aulizwe.

Walubengo alienda kuuleta mtambo mwenyewe. Aliubeba kama mtoto mgonjwa. Mimi nilimwambia Kiprotich auweke kifudifudi, kwa udongo na si kwa simiti, na karai lisiinuliwe. Akasema, “Najua, Mama, mimi ndiye nililifunika.”

Nilimuuliza kama kijana atarudi siku hiyo. Akasema hivi, na nimeandika kama alivyosema: “Aje na baba yake. Kijana peke yake na waya ni neno moja. Kijana na baba yake, na watu wenye maji nyuma yao, ni neno lingine. Mimi nitasimama. Lakini siwezi kusimama mahali pa baba.”

Kama ningeacha karai mahali pake siku ile. Nimejiuliza hilo nikikamua, nikifagia. Halafu nasikia ile bomba inavyotiririka kwenye debe.

Juni 3

Walubengo hali vizuri. Anachora kwa karatasi jinsi ya kulifanya jepesi, la kubebwa na mwanamke.

Juni 5, Jumanne

Imenyesha. Si nyingi, lakini imegonga mabati mpaka Kukhu akatoka nje akasimama, amekataa kuingia.

Nilikwenda kwa Chelimo saa saba, bila kikombe. Redio ilisoma habari zote safi, na nikajikuta nimeinamisha sikio, nangoja mluzi. Chelimo pia alikuwa anangoja, nilimwona.

Ibrahim anapita kesho asubuhi kuelekea Lodwar, kitabu nampa yeye, nimemwambia asikilaze chini ya magunia. Nanzala ameshika kalamu yake nyekundu lakini leo nimemkatalia. Baba Walubengo, usingoje kumaliza safari. Muonyeshe Mzee Mahamud ukurasa wa Juni mosi, na yeye ana watoto. Kama utakuja, mwambie Ibrahim neno moja tu “nakuja” na arudi nalo upesi, kwa sababu kila lori likipunguza mwendo barabarani Walubengo anainua kichwa kutoka kwa karatasi, na mimi sina la kumwambia.

Ni mimi, Kageha wako.